Kicheko na Msamiati: Katuni za Kuchekesha katika Kujifunza Kiingereza cha Kila Siku

Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ameketi mbele ya karatasi ya fizikia. Swali limeandikwa kwa Kiingereza. Linaeleza habari za pipa lililojaa maji ambalo linavuja mahali pawili, karibu na mdomo na karibu na kitako, nalo linauliza ni wapi maji yanatoka kwa kasi kubwa zaidi, na kwa nini. Jawabu mwanafunzi huyu analo. Amefundishwa kwamba kanieneo ya maji huongezeka kadiri kina kinavyoongezeka, na neno "pressure" ameliandika daftarini mara nyingi. Lakini katikati ya swali lipo neno dogo la herufi nne, "leak", ambalo hakuna aliyemfundisha. Maji yakivuja ameyaona tangu utotoni: katika paa la nyumba, katika ndoo iliyotoboka, katika mtungi ulioingia ufa. Analijua tendo, ila jina lake kwa Kiingereza halijui. Kwa sababu ya jina hilo moja anaacha nafasi tupu, na msahihishaji anahesabu kwamba hajui fizikia.

Mkasa wa namna hii ni wa kawaida katika shule za sekondari za Tanzania. Tangu mwaka 1967, Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali, wanafunzi walio wengi hukutana na Kiingereza kama lugha ya masomo pale tu waingiapo sekondari. Hapo maneno ya kitaalamu hupewa heshima yake: mwalimu huyaandika ubaoni, huyafafanua, huyarudia. Maneno ya kila siku, kama vile kuvuja, kumwaga, kuteleza, kifuniko na ndoano, hudhaniwa kuwa yanajulikana.

Wala shida hii si ya wageni wa lugha peke yao. Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Uingereza, Cassels na Johnstone, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya maneno yatumikayo katika masomo ya sayansi. Walionyesha kwamba maneno yanayowakwaza wanafunzi si yale ya kitaalamu tu. Maneno ya kawaida yaliyomo ndani ya maswali ya sayansi yaliwapotosha hata watoto waliozaliwa na kulelewa katika lugha ya Kiingereza. Ikiwa hali ni hiyo kwao, mwanafunzi anayejifunza Kiingereza darasani tu anahitaji njia madhubuti ya kuyapata maneno hayo. Njia mojawapo, ambayo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kuwa ni mchezo wa watoto, ni vipande vifupi vya sinema za katuni za kuchekesha.

Mipaka ya neno

Kabla ya kueleza katuni hufanya nini, yafaa kutazama kwanza ugumu wa neno la kila siku unatoka wapi. Watu wengi hudhani kwamba kujifunza msamiati ni kuandika neno la Kiingereza upande mmoja na la Kiswahili upande wa pili. Njia hiyo inafaa kwa majina ya vitu vingi, kama vile kuku, jiwe au dirisha. Kwa vitendo hushindwa upesi, maana kila lugha huyagawa matendo ya binadamu kwa mipaka yake yenyewe.

Msemaji wa Kiswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mswaki, hupiga picha na hupiga chafya. Kwa Kiingereza matendo hayo matano yana vitenzi vitano tofauti, na hakuna hata kimoja chenye maana ya kupiga. Vivyo hivyo mtu hufunga mlango, hufunga kamba, hufunga bao na hufunga mwezi wa Ramadhani. Kiingereza hutaka neno mbalimbali kwa kila moja. Mara nyingine mambo huwa kinyume. Kwa Kiingereza fimbo, kamba na kikombe vyote huweza kusemwa kwa kitenzi kimoja, "break". Kiswahili ni kichaguzi zaidi: fimbo huvunjika, kamba hukatika, kikombe hupasuka au huvunjika.

Kamusi huonyesha kitovu cha maana, lakini si rahisi kwake kuonyesha mipaka. Mipaka huonekana katika matumizi, yaani pale mtu anapoliona tendo lenyewe likitendeka na wakati uleule akalisikia neno lake. Mtoto mchanga hujifunza lugha ya mama yake kwa njia hii hii. Mwanafunzi wa sekondari, ambaye hazungukwi na watu wanaosema Kiingereza jikoni, sokoni na uwanjani, huikosa nafasi hiyo. Picha inayotembea humletea darasani sehemu ndogo ya jiko hilo, soko hilo na uwanja huo.

Neno linavyokaa akilini

Mjerumani Hermann Ebbinghaus ni miongoni mwa watu wa kwanza kuipima kumbukumbu kwa njia za kisayansi. Alijifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1885. Aliona kwamba usahaulifu huenda mbio sana katika saa za mwanzo baada ya kujifunza, kisha hupungua mwendo. Aliona pia kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa huleta faida kuliko marudio mengi ya mfululizo. Hivyo mwanafunzi anayekariri maneno hamsini usiku wa kuamkia mtihani anashindana na maumbile ya akili yake mwenyewe.

Karibu karne moja baadaye, mwaka 1971, mtaalamu wa saikolojia wa Kanada, Allan Paivio, alitoa kitabu juu ya picha za akilini na maneno. Alieleza kwamba akili ina njia mbili za kuhifadhi habari: moja ya maneno, nyingine ya taswira. Jambo lililohifadhiwa kwa njia zote mbili lina milango miwili ya kulifikia. Mmoja ukifungika, wa pili huenda ukawa wazi. Ndiyo sababu neno lililosikiwa pamoja na picha yake hukumbukwa kwa urahisi kuliko neno lililosikiwa peke yake.

Kicheko chafaa wapi

Picha peke yake, basi, husaidia. Je, kicheko nacho huongeza kitu, au hupoteza wakati wa kipindi? Swali hili limepimwa, na jawabu lake linapaswa kujulikana na kila mwalimu atakaye kutumia katuni.

Mwaka 1977 watafiti wa Marekani, Kaplan na Pascoe, waliwaonyesha wanafunzi wa chuo kikuu mihadhara ya namna mbalimbali. Mmoja ulikuwa wa kawaida, usio na mzaha. Mingine ilikuwa na mifano ya kuchekesha: ama iliyoeleza fundisho lenyewe, ama isiyohusiana nalo, ama iliyochanganywa. Wanafunzi walipopimwa papo hapo, mizaha haikuwaongezea uelewa. Walipopimwa tena baada ya wiki sita, waliosikia mifano ya kuchekesha iliyoeleza fundisho walilikumbuka fundisho hilo vizuri zaidi. Mzaha uliokaa pembeni haukuleta faida hiyo.

Mwaka 1994 Mmarekani mwingine, Stephen Schmidt, aliwapa watu sentensi za kukumbuka. Sentensi za kuchekesha zilipochanganywa na za kawaida, zile za kuchekesha zilikumbukwa zaidi. Lakini watu waliopewa orodha ya sentensi za kuchekesha tupu hawakuwashinda wale waliopewa za kawaida tupu. Kichekesho hung'aa kwa sababu kimezungukwa na visivyochekesha. Kila kitu kikichekesha, hakuna kinachong'aa.

Mafunzo mawili yanatokana na majaribio haya. La kwanza: kicheko hukihifadhi kile tu kilichosababisha kicheko. Ikiwa darasa limecheka kwa sababu paka ameteleza, na neno linalofundishwa ni kuteleza, neno limeshikwa na kicheko kama samaki na ndoana. Ikiwa darasa limecheka kwa sababu ya masharubu ya paka, lakini neno linalofundishwa ni jina la meza iliyo nyuma yake, kesho masharubu yatakumbukwa na meza itasahauliwa. La pili: kipande kimoja cha dakika moja au mbili katikati ya kipindi cha kawaida hufaa kuliko saa nzima ya vichekesho.

Waingereza waliotengeneza katuni kwa makusudi ya kufundisha lugha walilizingatia jambo hilo. Mwaka 1986 shirika la BBC lilitoa filamu iitwayo Muzzy in Gondoland kwa ajili ya wanaojifunza Kiingereza. Kiumbe mkuu katika hadithi hiyo ni jitu la kijani lenye manyoya ambalo chakula chake ni saa za ukutani na vyuma vingine. Mtazamaji hucheka kwa sababu ya kile kinacholiwa, na kile kinacholiwa ndicho kinachotajwa. Neno na kichekesho vimewekwa mahali pamoja.

Ufundi wa katuni

Mbali na kuchekesha, katuni ina sifa nyingine mbili zinazomfaa mwalimu, nazo zinatokana na namna inavyotengenezwa. Sinema huonyesha picha 24 kwa kila sekunde, nazo akili ya mtazamaji huziunganisha zikawa mwendo mmoja. Katika katuni zilizochorwa kwa mkono, mara nyingi kila mchoro hutumika kwa picha mbili, hivyo sekunde moja huhitaji michoro 12. Kwa kuwa kila mstari ni kazi, mchoraji hachori kisichohitajika. Jambo analotaka lionekane huliweka mahali pa wazi, akalikuza na kulitia chumvi, na yaliyobaki huyapunguza. Jicho la mwanafunzi halina nafasi ya kupotea.

Sifa ya pili ni utangulizi wa tendo. Frank Thomas na Ollie Johnston, wachoraji wa siku nyingi wa kampuni ya Disney, waliandika katika kitabu chao cha mwaka 1981 kanuni 12 za kazi hiyo. Mojawapo ni kwamba kabla ya tendo kubwa mtendaji huonyeshwa akijitayarisha: anayetaka kuruka huinama kwanza, anayetaka kupiga huvuta mkono nyuma. Nukta hiyo ya matayarisho ni zawadi kwa mwalimu wa lugha. Anaweza kuisimamisha picha hapo na kuuliza: nini kitatokea?

Kipindi kimoja

Mfano ufuatao umetungwa ili kuonyesha jinsi kazi inavyoweza kwenda. Paka amebeba sinia ya vikombe vya chai. Sakafuni kuna kipande cha sabuni kilicholowa, na kando yake mbwa amelala. Paka anakanyaga sabuni, anateleza, na sinia inaruka juu. Vikombe vyote vinatua salama mgongoni mwa mbwa, naye haamki. Lakini kikombe kimoja kimeinama, na chai inadondoka tone kwa tone juu ya pua yake. Mbwa anapiga chafya, na vikombe vyote vinavunjika.

Kisa kizima ni cha nusu dakika, nacho kina vitenzi sita vya kila siku: "carry", "sleep", "slip", "drip", "sneeze" na "break". Kila kimoja ni bawaba ya kisa. Kikiondolewa, kisa hakiendi.

Mara ya kwanza wanafunzi watazame tu na wacheke. Mara ya pili mwalimu aisimamishe picha pale mguu wa paka ulipo juu ya sabuni, aseme "The cat is going to slip." Picha iendelee kidogo: "The cat is slipping." Paka akiwa chini: "The cat has slipped." Msemaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba Kiingereza hapa kinafanya kwa maneno kadhaa yale ambayo Kiswahili hufanya kwa kiambishi: yu karibu kuteleza, anateleza, ameteleza. Nyakati za kitenzi, ambazo katika vitabu vya sarufi huwa jedwali kavu, zinakuwa nukta tatu katika anguko moja la paka.

Hapo litatokea kosa ambalo mwalimu hana haja ya kuliogopa. Kiswahili kina vokali tano tu, na sikio lililozoea vokali hizo halitofautishi kwa urahisi "slip" na "sleep". Mwanafunzi mmoja atasema kwa sauti kwamba paka amelala juu ya sabuni. Darasa litacheka, na kicheko hicho kitakuwa na thamani kuliko kile cha sinema, maana kimeanguka juu ya tofauti ileile inayotakiwa kukumbukwa. Mbwa ndiye aliyelala, paka ndiye aliyeteleza. Ni wajibu wa mwalimu kuhakikisha kwamba kinachochekwa ni paka aliyelala juu ya sabuni, wala si mwanafunzi aliyesema.

Mara ya tatu sauti izimwe na wanafunzi wasimulie wenyewe. Kesho yake wasimulie tena bila picha. Kisha tena baada ya siku tatu, na baada ya wiki. Kulitafuta neno akilini na kulitamka ni mazoezi yenye nguvu kuliko kulisikia tena.

Hatimaye neno litolewe katika katuni na kupelekwa kwenye masomo. Gurudumu la baiskeli huweza kuteleza katika njia yenye matope kwa sababu msuguano umepungua: hilo ni "slip" katika fizikia. Katika maabara ya kemia kimiminika hudondoka tone kwa tone: hilo ni "drip". Neno lisilohamishwa hivi hubaki mali ya paka na mbwa, na halitamfaa mwanafunzi siku ya mtihani.

Tahadhari

Si kila katuni inafaa. Nyingi zimetengenezwa kwa watoto wanaokijua Kiingereza tayari. Wasemaji huenda mbio, humeza maneno, au hutumia sauti za kuiga wanyama ambazo hata mzawa huzifahamu kwa taabu. Kwa mwanzo mwema yafaa kutumia zile zisizo na maneno au zenye maneno machache, kama zile za zamani za Tom and Jerry, zilizoanzishwa na William Hanna na Joseph Barbera mwaka 1940. Ukimya wake ni faida, kwa kuwa maneno yatatoka kwa mwalimu kwa kipimo cha darasa lake. Aidha, katika katuni nyingi mtu hupigwa kwa nyundo akainuka bila jeraha. Mwalimu achague vipande ambavyo hataona haya kuvirudia.

Pia isidhaniwe kwamba mtu akikaa mbele ya televisheni lugha itamwingia yenyewe. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio walilowafanyia watoto wachanga wa miezi tisa. Waliochezewa na kusemeshwa Kichina na mtu aliye mbele yao walijifunza kutofautisha sauti za lugha hiyo. Waliomsikia na kumwona mtu huyohuyo katika televisheni hawakujifunza. Wanafunzi wa sekondari si watoto wachanga, lakini onyo linabaki: katuni ni chombo mikononi mwa mwalimu, haishiki nafasi yake.

Ikiwa kipande kina maandishi chini ya picha, ni vema yawe ya Kiingereza. Mwaka 2009 Mitterer na McQueen walionyesha huko Uholanzi kwamba watazamaji wa filamu za Kiingereza chenye matamshi mageni walisaidiwa na maandishi ya Kiingereza kuyazoea matamshi hayo, ilhali maandishi ya lugha yao wenyewe yaliwazuia.

Shule isiyo na televisheni

Shule nyingi hazina televisheni, na nyingine hazina umeme wa kutegemewa. Siku hizi kipande cha dakika moja huweza kuhifadhiwa katika simu ya mwalimu na kutazamwa na vikundi kwa zamu. Lakini hata simu si lazima. Yule mwalimu mashuhuri wa kale, Comenius, alichapisha kitabu chake cha lugha chenye picha mwaka 1658, karne mbili na zaidi kabla ya sinema. Picha tatu zilizochorwa ubaoni kwa chaki, ya mtu anayekaribia kuteleza, ya anayeteleza na ya aliyeteleza, zinatosha kwa somo zima.

Wanafunzi nao wanaweza kutengeneza katuni yao. Wachukue daftari, wachore katika pembe ya kila ukurasa mchoro uleule ukiwa umebadilika kidogo: ndoo, tone linalojitokeza chini yake, tone linaloanguka, tone linalotua. Kurasa 24 zikiachiwa upesi kwa kidole gumba, maji yataonekana yakidondoka. Aliyekaa akachora mchoro huo mara 24, huku akiandika neno lake chini ya kila mmoja, hatalisahau kwa urahisi.

Na pengine neno hilo litakuwa "leak". Siku atakapokuta pipa lile katika karatasi ya mtihani, ataikumbuka ndoo yake iliyovuja katika pembe ya daftari, atatabasamu kidogo, kisha ataandika kwamba maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi katika tundu la chini, kwa kuwa huko ndiko kanieneo ilikozidi. Msahihishaji naye atapima kile alichokusudia kupima tangu mwanzo: fizikia ya mwanafunzi huyo.